Kosa Likirekebishwa, Alama Ibaki

Mara nyingi tukitembelea vikundi tunakuta katiba ambayo neno limefutwa kwa wino na juu yake kuandikwa lingine. Lilikuwa neno gani? Hapo ndipo ugomvi huanza. Hebu tuone jinsi Marekani wanavyorekebisha hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda aliyebuni kitu, wengine wasikitengeneze bila ruhusa yake.

Tuchukue mfano. Fundi amepata hataza ya jembe. Mchoro na maelezo yanaonyesha meno matatu, lakini kwenye madai, yaani sehemu inayotaja kile kinacholindwa, aliandika manne kwa makosa. Anaweza kuirudisha hati na kuomba itolewe upya. Akitaka kupanua madai yake, lazima aombe kabla ya miaka 2 kupita tangu ilipotolewa. Haruhusiwi kuingiza jambo ambalo halikuwamo, wala haongezewi muda wa ulinzi.

Katika maombi, neno linaloondolewa halifutwi. Hutiwa ndani ya mabano ya mraba, na neno linaloongezwa hupigiwa mstari chini. Hati ikishachapishwa, neno la zamani hubaki ndani ya mabano mazito, na lile jipya huchapwa kwa herufi za mlazo. Basi itasomeka: “jembe lenye meno [manne] matatu”, neno la mwisho likiwa limelala. Namba ya hati mpya huanza na herufi RE, ili kila mtu ajue imetolewa upya.

Kwa nini taabu yote hii? Tuseme fundi mwingine alisoma hati ya kwanza, akaona inasema manne, naye akatengeneza majembe 50 ya meno matatu. Hakukosa. Sheria yao humruhusu kuuza yale aliyokwisha kutengeneza kabla hati mpya haijatoka, na mahakama yaweza kumruhusu aendelee kutengeneza mengine. Akiangalia mabano tu, anajua kwamba dai hili halikuwako mwanzoni, na kwamba ana haki ya kujitetea.

Sasa tufikirie katiba zetu. Mkibadilisha kiasi cha mchango au faini, msifute. Tieni la zamani ndani ya mabano, mpigie jipya mstari, mwandike na tarehe ya mkutano. Mwanachama aliyelipa kwa kanuni ya zamani asije akaitwa mdaiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.