Kuziba Kelele Katika Simu ya Upepo



Katika maeneo kama Oloipiri, tarafani Loliondo, simu ya upepo ni chombo cha thamani pale ambapo njia nyingine hazifiki. Huduma ya madaktari wasafirio kwa ndege, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1957 na leo ikijulikana kama AMREF, ilitumia simu hizo kuwasiliana na hospitali za mbali. Kwa hiyo kelele si jambo dogo. "Tatu" ikisikika "tano", mgonjwa aweza kupewa dawa isiyo kadiri yake, au chama kikapeleka mnadani idadi ya ng'ombe isiyotakiwa.

Kelele nyingi za garini hutoka kwenye plagi za injini ya petroli. Kila cheche hutoa mpigo mfupi mno wa mawimbi. Mpigo huo ukipita katika chujio jembamba la redio hurefuka, nao huifunika sauti ya msemaji. Kuupunguza baada ya hapo hakufai sana, kwani madhara yamekwisha tokea.

Mwaka 1936 Mmarekani James Lamb alieleza njia bora katika QST, jarida la watumiaji wa redio za ridhaa. Redio huutambua mpigo kabla haujafika kwenye chujio, kisha huifunga njia ya mawimbi kwa kitambo hicho tu. Sikio halitambui pengo fupi kiasi hicho. Baadaye mbinu hiyo iliingia pia katika redio za magari.

Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba kifaa hiki, ambacho swichi yake huandikwa NB, hakizibi kila kelele. Mngurumo wa mfululizo hukishinda, na michakarisho mirefu ya radi mara nyingi hukishinda pia. Tena kituo chenye nguvu kilicho jirani huweza kukidanganya, sauti ikakatikakatika. Hapo hapana budi kukizima.

Kwa hiyo, kwanza zima injini. Kelele ikikoma, chanzo ni gari lenyewe: fundi akague plagi, nyaya zake na waya wa kuunganisha redio na bodi. Mwisho, kila tarakimu itajwe mara mbili, na mpokeaji airudie kabla ya kuiandika katika daftari la chama.