Pini Ndogo Ilindayo Maisha ya Askari

Jeshi la Umoja wa Kisovieti liliipokea bunduki ya AKM mwaka 1959, na tangu hapo imebebwa na askari wa mataifa mengi. Wengi wao wajua kuifungua na kuisafisha. Wachache huukagua mdomo wa mtutu. Hapo ndipo hatari hujificha.

Mdomo huo una hesi za milimita 14 zikazwazo kwa kuzungusha kushoto. Hufungwa hapo kipande cha chuma kilichokatwa mshazari, kizuiacho mtutu usipande wakati wa kufyatua. Kizuia mlio kiitwacho PBS-1 nacho hufungwa kwenye hesi hizo hizo, kipande hicho kikiisha kuondolewa.

Kukaza kwa mkono peke yake hakutoshi. Sharti pini yenye springi iingie katika pengo lake, la sivyo kifaa hulegea kwa mtikiso wa risasi. Kizuia mlio kikienda upande hata kidogo tu, risasi hugonga kuta zake za ndani. Chaweza kupasuka na kumjeruhi mwenzako.

Basi, ondoa magazini na hakikisha chemba ni tupu. Futa mchanga na masizi kwenye hesi, kaza, sikiliza pini ikiingia, kisha jaribu kukizungusha. Kikicheza, mpelekee fundi wa silaha. Usikifunge kwa waya.

Adui wa mbele huonekana, lakini hesi iliyolegea haionekani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.