PODO: BINAMU WA MITI YA AUSTRALIA

Ukitaja miti ya jamii ya misonobari hapa Kakamega, wengi wetu tunafikiria saipresi ya ua au paini ya mbao. Lahaula! Miti hiyo ni wageni, asili yao ni Mexico. Je, sisi hatuna wetu? Tunao, tena wa kujivunia. Ni podo.

Podo hupenda nyanda za juu zenye mvua na baridi, takribani mita 1,500 hadi 2,400 juu ya bahari. Jirani zetu wa Mlima Elgon wanao miti ya podo mikubwa ajabu, mingine ikipita mita 30. Mbao zake ni nyeupe na laini, nazo hufaa sana kwa milango na samani. Hiyo ndiyo sababu umekatwa mno.

Ukoo wa podo umeenea hasa kusini mwa dunia. Katika misitu ya mvua ya Queensland na New South Wales, mashariki mwa Australia, yuko binamu yake aitwaye Podocarpus elatus. Mbegu ya huyo hukaa kwenye ncha ya kikonyo kinene, cheusi kama zambarau, na wenyeji wa asili wa huko hukila. Wataalamu wanasema ukoo huu ni wa tangu enzi za Gondwana, bara kuu la kale lililomegeka likatoa Afrika, Australia na mengineyo.

Sasa swali ambalo mwanachama mmoja alituuliza: mbona podo ulio peke yake uwanjani hauzai miche? Jibu liko kwenye mpapai! Kama vile kuna mpapai dume na mpapai jike, ndivyo ilivyo kwa podo. Upepo hubeba chavua kutoka kwa dume hadi kwa jike. Wakataji wakibakiza mti mmoja tu bondeni, tusidanganyike kuwa msitu umepona. Huo ni mjane. Aidha, kokwa lake ni gumu, na mbegu hukawia kuota.

Basi wenzangu, siku ya kupanda miti tusipande podo mmoja wa kupigia picha. Tupande mingi pamoja, na tuwe na subira, kwani mti huu hukua pole pole. Saipresi utaivuna wewe, podo atauvuna mjukuu wako. Kidole kimoja hakivunji chawa!