Jumatano Baada ya Vipindi

Ilikuwa saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, katika shule moja ya sekondari ya kutwa. Msichana wa kidato cha pili alianguka karibu na bomba la maji, akaanza kutupa mikono na miguu. Wengi walikimbia. Wachache waliobaki walimshikilia kwa nguvu, na mmoja, kwa nia njema kabisa, akamtia kijiko mdomoni. Alipozinduka, jino lake moja limevunjika, sketi imelowa, na wale waliokimbia wamerudi kumtazama.

Hakurudi shuleni kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Sisi akina mama wanne wa umoja wa wanawake kanisani tulisikia habari hizo kwa mama yake tulipomtembelea. Alitueleza kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Kwa miaka mitatu alikuwa ameficha ugonjwa wa mwanawe hata kwa majirani. "Ataolewa na nani?" alituuliza. Hatukuwa na jibu, lakini tulijua mahali pa kuanzia.

Klabu si mchezo

Mtoto akisema "leo nina klabu", wengi wetu hudhani anakwepa kuteka maji. Sivyo, akina mama! Tuliosoma sekondari tunakumbuka skauti na UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo. Klabu za Malihai zilianza mwaka 1980, zikiwafundisha watoto kutunza wanyama na mazingira. Na mwaka 1991 wanafunzi 12 wa Dar es Salaam walikutana na Dkt. Jane Goodall; katika mazungumzo yao ikazaliwa Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi. Watoto 12 tu!

Shule ile nayo ilikuwa na klabu ya huduma ya kwanza, ila ya jina tu: sanduku lenye kufuli, ndani yake mkasi wenye kutu na bandeji moja. Tulimwendea mkuu wa shule tukaomba kusaidia. Alituwekea masharti matatu: tuje Jumatano baada ya vipindi, mwalimu mlezi awepo wakati wote, na tusikae faragha na mwanafunzi ye yote. Tuliyapenda masharti hayo. Mwenye nia njema haogopi kuonekana. Nasi tukaongeza letu: kwa kuwa wanafunzi ni wa dini mbalimbali, hatukwenda kuhubiri, bali kuhudumu.

Maswali ya vikaratasi

Siku ya kwanza tuliwapa vikaratasi waandike maswali bila majina. "Je, povu lake linaambukiza?" "Je, amerogwa?" Tulijibu wazi: kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Huweza kutokana na matatizo wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, au pigo la kichwa. Mara nyingine chanzo hakijulikani. Hakiambukizwi kwa povu, kwa mate, wala kwa kula sahani moja.

Tukawasimulia habari za Mahenge, mkoani Morogoro, ambako Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa katika miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wengine wana makovu ya kuungua kwa kuangukia motoni. Walipopata dawa, wengi walipata nafuu.

Kisha tukafanya mazoezi sakafuni. Nawe msomaji, uyashike haya:

1. Usikimbie. Tazama saa.
2. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, weka sweta chini ya kichwa chake, legeza tai na vifungo vya shingoni.
3. Usimshikilie. Usimtie cho chote mdomoni, iwe kijiko, maji au dawa.
4. Mtukutiko ukiisha, mlaze ubavu ili mate yatoke.
5. Mfunike kwa khanga, kaa naye mpaka fahamu zirudi kabisa.
6. Ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, au ameumia, au ni mara yake ya kwanza, mpeleke hospitali upesi.

Wakati huo mama yule alikubali tumsindikize yeye na mwanawe hospitali. Binti akaanza dawa. Tulimsisitizia asiziache ghafla hata akijisikia mzima, na asikeshe.

Siku ambayo hatukuwapo

Alirudi shuleni kwa hiari yake. Haikuwa rahisi: mzazi mmoja alimtoa mtoto wake katika klabu, na kwa siku kadhaa dawati la binti lilikuwa na nafasi tupu pembeni. Halafu akaanguka tena, darasani, katikati ya kipindi cha hisabati. Sisi hatukuwapo, mwalimu mlezi ndiye aliyetusimulia. Wanafunzi wawili wa klabu waliwatoa wenzao nje. Mmoja alitazama saa. Mwingine alitandaza khanga. Yalikuwa dakika mbili, na hapakuwa na kelele. Alipopata fahamu na kupumzika, aliuliza, "Tumefika swali la ngapi?"

Mama yake alipoambiwa, alilia mbele ya majirani, mlango ukiwa wazi. Ndiye aliyeturuhusu tuandike haya bila kutaja jina.

Mama mwenzetu, leo jioni muulize mwanao yumo klabu gani, na nani anaisaidia. Huhitaji kuwa muuguzi. Fundi cherehani aweza kufundisha kushona taulo za hedhi. Mfanyabiashara aweza kufundisha kuandika hesabu za duka. Anza kwa mkuu wa shule, kubali kuwa chini ya mwalimu mlezi, na siri za watoto zisitoke kwenda kisimani, isipokuwa mtoto akiwa hatarini. Hapo mwalimu aambiwe mara moja.

Tena, usiahidi usichoweza. Mlezi yule alituambia kwamba wageni wengi huja mara moja, wakapiga picha, wakaenda. Afadhali saa moja kila mwezi usiyoikosa. Sisi Jumatano ijayo tunafundisha kutuliza damu ya pua, na sanduku lile halina kufuli tena.