SENENE ALIYEGOMA KURUKA!

Wiki hii tupo Kagera. Ninyi mnaowajua senene kwa kusikia tu, poleni sana, wenzenu tunawatafuna na chai.

Sasa basi. Pale Muleba mjini nina mshikaji wangu, tulimaliza wote kidato cha nne, ana kijiduka cha fotokopi na kadi za harusi. Hela ya kahawa ya nyumbani kwao ndiyo iliyonunua laptop, na mama yake kila jioni anauliza mashine hiyo itarudisha gharama lini. Msimu ulipoanza, Novemba, akaja mama mmoja mfanyabiashara wa Bukoba. Anataka katuni ya sekunde 10 ya kurusha WhatsApp: senene aruke kutoka kwenye mgomba, atue kwenye sahani. Ikipendeza, hela. Isipopendeza, kila mtu na njia yake.

Jamaa akachora senene bomba, kijani kibichi. Mteja kaangalia, kaguna: "Mwanangu, huyu haruki. Huyu anateleza kama sabuni."

Kasheshe! Kumbe jamaa alikuwa anamsogeza tu, huku programu inakuruhusu kumrefusha, kumbonyeza, kumzungusha na kumlaza upande. Wachoraji wa Disney, Frank Thomas na Ollie Johnston, kwenye kitabu chao cha 1981 waliweka kanuni 12, na ya kwanza ndiyo hii ya kubonyea na kurefuka. Senene akijiandaa, anabonyea. Akiwa hewani, anarefuka. Akitua, anabonyea tena. Ila ukimrefusha mara mbili, upana upunguze hadi nusu, la sivyo anaonekana anavimba kama puto.

Ukaja mguu. Programu huweka alama ya mzunguko katikati ya kitu, kwa hiyo ukiuzungusha mguu unageuka pangaboi! Dawa ni kuivuta ile alama hadi pale mguu unapoungana na mwili.

Mabawa nayo yakagoma kupinda. Jamaa anatumia Adobe Animate, ile iliyozaliwa 1996 kwa jina la FutureSplash, ikaitwa Flash, ikapewa jina hili 2016. Humo, ukishakifunga kitu kuwa simboli, kukizungusha unaweza, lakini kile kifaa cha kupindapinda kingo hakikubali. Unakifungua kwanza kiwe mchoro mtupu. Jioni nzima ilikwenda hapo, na umeme ukakatika mara mbili.

Fremu 24 kwa sekunde, mara 10, ni fremu 240. Usiogope, huchori zote. Unaweka mwanzo na mwisho, kompyuta inajaza za katikati. Ila kompyuta haijui senene anajikunja lini kabla ya kuruka. Hilo unalijua wewe uliyewakimbiza chini ya taa usiku. Kwangu mimi hapo ndipo kijana wa Muleba anapompita fundi wa ng'ambo, na kina Ubongo Kids wa Dar, walioanza kuonekana TBC1 mwaka 2014, walishatuonyesha kwamba katuni za kwetu zinatazamika.

Video ikatumwa Bukoba usiku. Jibu likaja kwa sauti, kicheko kwanza, maneno baadaye. Nusu ya hela iliingia kwenye simu papo hapo, nusu nyingine ati msimu ukiisha.

Mama mzazi naye kaonyeshwa. Kaangalia mara tatu, kauliza: "Na huyo senene ameliwa na nani?"