Mke wa Fulani, Binti wa Fulani

Wilaya ya Karatu ni njiapanda ya watu wengi. Wenyeji wake wakuu ni Wairaqw. Kandokando ya Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe na Wadatoga. Juu, kwenye nyanda za Ngorongoro, wapo Wamaasai. Mashamba ya vitunguu ya Mang'ola na ajira za utalii zimewaleta wageni wa kila upande, wakiwamo Warangi wa Kondoa na watu wa pwani. Haishangazi, basi, kuona Waislamu wa huku wakioana kwa kuvuka mipaka ya kabila, na pengine bibi harusi huwa amesilimu karibuni ilhali wazazi wake wamebaki katika dini yao. Walii, mahari na mashahidi vina taratibu zinazojulikana. Swali linalowakuta wengi hawajajiandaa huja baadaye, mbele ya karani mwenye fomu: jina la mwisho libaki la baba, au liwe la mume?

Kabla ya kujibu, tutazame majina yetu yalivyo. Mtanzania kwa kawaida huandika jina lake, la baba, kisha la babu. Majina hayo matatu ni nasaba iliyofupishwa. Sasa mke anayefuta jina la baba na la babu, akaweka mawili ya mwisho ya mumewe, amejiandika kuwa binti wa mkwewe. Kwa mujibu wa karatasi hiyo, mume na mke ni ndugu wa baba mmoja! Wengi hawajalifikiria hilo, kwa sababu desturi yenyewe haikutokana na mfumo wetu wa majina. Ilitoka Uingereza, ambako sheria ya kale ilimhesabu mke kuwa amemezwa ndani ya nafsi ya mumewe, hata mali yake ikawa ya mume. Ilitufikia pamoja na utawala wa kikoloni na shule zake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kubadili jina. Kinyume chake, inamtambua kuwa na haki ya kumiliki mali kwa jina lake mwenyewe.

Wala mila za wenyeji hazikuidai desturi hiyo. Kwa Wamaasai, neno "ole" humtambulisha mwanamume kwa ukoo wa babaye, na mwanamke aliyezaa huitwa "ngoto", yaani mama wa fulani, kama sisi tunavyosema Mama Salma, na kama Masahaba walivyosema Umm Salama.

Katika dini, msingi ni aya ya 5 ya Suratul Ahzab, inayoamuru watu waitwe kwa baba zao. Ilishuka kwa ajili ya watoto wa kulea, na Zaid, aliyekuwa akiitwa Zaid bin Muhammad, akarudi kuwa Zaid bin Haritha. Wake wa Mtume (s.a.w.) waliolewa na mbora wa viumbe, na bado tunawajua kama Khadija bint Khuwaylid, Aisha bint Abi Bakr na Hafsa bint Umar.

Hata hivyo tusiivute aya kupita mpaka wake. Mke anayejulikana kwa jina la mume hadai kwamba mume ni baba yake. Qur'ani yenyewe inamtaja mke wa Nuhu na mke wa Lut kwa waume zao. Imepokewa katika Bukhari kwamba Zaynab alipobisha hodi, Mtume (s.a.w.) aliuliza ni Zaynab yupi, akajibiwa kuwa ni mke wa Ibn Mas'ud. Ndiyo maana wapo wanazuoni wanaoruhusu kujitambulisha kwa mume maadamu nasaba haikufichwa, na wapo wanaokataa kwa kuona ni kuiga wengine. Mimi naona kuongeza jina la mume ni jambo jepesi. Zito ni kulifuta la baba.

Na uzito huo huonekana zaidi kwa aliyesilimu. Wapo wanaomhimiza bibi harusi Mwiraqw au Mdatoga aliache jina la babaye kwa hoja kwamba si la Kiislamu, achukue la mume ambalo "lina dini". Kwa hoja ipi? Safiyya, Mama wa Waumini, aliolewa na Mtume (s.a.w.) baada ya Khaybar. Baba yake, Huyayy bin Akhtab, alikuwa miongoni mwa maadui wakubwa wa Waislamu, naye akabaki Safiyya bint Huyayy. Ikrima alisilimu akabaki bin Abi Jahl. Mtume (s.a.w.) alibadili majina yenye maana mbaya: binti mmoja aliyeitwa kwa neno lenye maana ya muasi alimwita Jamila (jina hilo la kwanza si Asia, mke wa Firauni, herufi zake za Kiarabu ni nyingine). Lakini lililobadilishwa ni jina lake mwenyewe, si la baba. Basi baba wa Kidatoga mwenye jina linaloanza na Gida hana sababu ya kuondolewa kwenye cheti cha bintiye. Mzee aliyekwisha kukubali mwanawe aolewe nje ya dini yake, kumwambia pia kwamba jina lake linaona haya kuandikwa ni kuukata udugu ambao dini imeamuru uungwe.

Katika maisha ya hadhara mifano ipo. Bibi Titi Mohamed aliolewa zaidi ya mara moja na jina la babaye halikumtoka. Rais Samia Suluhu Hassan aliolewa na Bwana Hafidh Ameir mwaka 1978. Amebaki na jina la baba yake, na binti yao ni Wanu Hafidh Ameir. Salma Rashid Kikwete ameongeza la mume huku la baba likibaki katikati.

Upo pia upande wa karatasi. Binti wa Kiislamu aliyeolewa mbali akifiwa na baba, atafika Mahakama ya Mwanzo kudai fungu lake la mirathi. Jina lake lisipolingana na la marehemu, ndugu asiyemtakia heri amepata pa kuanzia. Huko Ngorongoro, tangu kaya zilipoanza kuhamia Msomera, wilayani Handeni, mwaka 2022, jina katika orodha limekuwa jambo la nyumba na shamba. Na talaka ikitokea, eda huisha, lakini jina la mwanamume yule hubaki kwenye cheti cha shule, akaunti ya benki na pasipoti.

Aliyekwisha kubadili na angependa kurejea, njia ipo: hati ya kubadili jina huandaliwa na wakili, husajiliwa kwa Msajili wa Hati, kisha hupelekwa NIDA, benki na Uhamiaji. Aanze na NIDA, kwa kuwa ofisi nyingine hutazama huko kwanza.