Maumivu Makali ya Kichwa Yanayoanza Ghafla

Katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, mtu anayeumwa kichwa hudhaniwa kwanza kuwa na malaria, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Hata hivyo, yapo maumivu ya kichwa yasiyopaswa kusubiri dozi ya malaria imalizike. Hutambulika kwa swali moja: yalianzaje?

Maumivu ya malaria kwa kawaida huongezeka polepole, pamoja na homa na uchovu. Maumivu ya hatari hufikia kilele chake ndani ya dakika moja, na mara nyingi mgonjwa hukumbuka alichokuwa akifanya yalipomshika, kama vile kuinua gunia la ufuta. Wengi husema hawajawahi kuumwa hivyo maishani.

Sababu inayohofiwa zaidi ni damu kuvuja kuzunguka ubongo, aghalabu baada ya kupasuka kwa sehemu dhaifu ya mshipa iliyotuna. Mgonjwa anaweza kutapika, kupoteza fahamu, kupata degedege, au kope moja ikalegea. Shingo hukakamaa, lakini dalili hiyo huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Hata maumivu yakipungua, mshipa unaweza kuvuja tena, hasa katika saa 24 za kwanza.

Sababu nyingine ni shinikizo la damu lililopanda mno, damu kuganda katika mishipa ya ubongo, kuchanika kwa ukuta wa mshipa wa shingoni, na homa ya uti wa mgongo. Kwa mjamzito aliyevuka wiki 20 na kwa mama aliyejifungua karibuni, kifafa cha mimba kifikiriwe. Shinikizo la 160/110 au zaidi ni dharura. Yapo pia maumivu ya ghafla yanayotokana na mishipa kujikaza kwa muda, lakini hakuna awezaye kuyatofautisha kwa kumtazama mgonjwa tu.

Mhudumu wa zahanati apime shinikizo la damu, joto, sukari na kiwango cha fahamu, kisha achunguze shingo. Kipimo cha malaria kifanyike, ila jibu chanya lisifunge uchunguzi: mahali penye malaria nyingi, mtu anaweza kuwa na vimelea huku akiugua jambo jingine. Aspirini, ibuprofeni na sindano ya diklofenaki ziepukwe, kwani hudhoofisha uwezo wa damu kuganda. Parasetamoli itumike kwa kuanzia.

Barua ya rufaa itaje saa maumivu yalipoanza. Kipimo cha CT hugundua damu vizuri zaidi ndani ya saa 6 za mwanzo. Muda huo ukipita na picha isionyeshe damu, maji ya uti wa mgongo huhitaji kupimwa. Upasuaji wa ubongo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, safari ndefu kutoka Namungo. Kwa hiyo ndugu wasimpe mgonjwa dawa za dukani wakangoja kupambazuke. Wampeleke kituoni usiku huohuo.